Yuniti, shule maalum ya bweni au kituo cha binafsi: mwalimu wa watoto wenye ulemavu wa akili aende wapi hapa Mombasa?

Chaki_na_Kanga

Assalam alaykum, hamjambo nyote. Naomba ushauri wa walio kazini, si wa kusikia.

Mimi ni mwalimu wa TSC, yaani tume ya serikali inayoajiri walimu, miaka minne darasa la kawaida. Nimemaliza diploma KISE, chuo cha serikali cha elimu maalum, upande wa ulemavu wa akili, kwa ile njia ya likizo: Aprili, Agosti, Disemba, basi la usiku hadi Nairobi, asubuhi Kasarani na baridi yake. Sasa nina milango mitatu.

Kuna yuniti, yaani darasa maalum la watoto hao ndani ya shule ya msingi ya umma, hapa Kisauni. Chumba kimoja, watoto 17, mwalimu aliyepo anastaafu, na mimi naenda kwa miguu. Kuna shule maalum ya bweni ng'ambo ya Likoni. Halafu kuna kituo cha binafsi Nyali, wanataka mwalimu kivuli wa kukaa na mtoto mmoja mwenye usonji. Pesa zao zinashinda zangu, ila niache TSC.

Mume wangu asema Nyali. Mamangu asema nisithubutu kuacha kazi ya serikali. Nyinyi je?

Mzee_wa_Feri

Dada, Kisauni hadi Likoni kila siku? Feri kwa mtu wa miguu ni bure, kweli, lakini utailipa kwa umri wako. Haya, wenye elimu waendelee.

Bi_Kidawa

Nimekaa yuniti miaka tisa na shule maalum miaka sita. Watu watakulinganishia mshahara, marupurupu, umbali. Mimi nakwambia uliza kwanza: mtu mzima wa pili chumbani ni nani? Ukiwa na 17, mmoja amejichafua, mwingine ameshika njia ya geti, wa tatu anatafuna gundi, na uko peke yako, hiyo diploma utaitundika ukutani uitazame.

Yuniti ina uzuri wake. Nilikuwa na kijana, nimwite Bakari, miaka 13, kuhesabu hadi kumi kulimshinda miaka miwili. Zilipotoka zile sarafu mpya za 2018 zenye wanyama nikaacha hesabu za ubaoni. Twiga ni moja, kifaru tano, simba kumi, ndovu ishirini. Ndovu alimshika siku hiyo hiyo, maana kila akipita Moi Avenue huziona zile pembe. Tukaanza kwenda kwa muuza mabuyu wa langoni. "Nipe ya simba." Mama akacheka, akampa. Wiki ya tatu akatoa ndovu, akachukua mabuyu yake, akabaki amesimama pale pale kiganja wazi, hasogei, mpaka akarudishiwa simba wake. Nyuma yake foleni ya darasa la tano wananung'unika. Foleni hiyo shule maalum huipati, labda uitengeneze mwenyewe.

Ubaya sasa. Mwalimu mkuu niliyekuwa naye aliniona mwalimu wa akiba. Wa darasa la nne ana msiba: "Wewe wa yuniti ingia, wako watachora." Muhula mzima wangu walichora! Na zile fedha ambazo serikali huongeza kwa mtoto mwenye mahitaji maalum huingia shule hiyo hiyo. Ukinyamaza zinakuwa tangi la maji la wote.

Kivuli_wa_Nyali

Niko kazi hiyo ya tatu mwaka wa tatu huu, si kituo hicho. Nikwambie ukweli. Mtoto mmoja ni raha: unamsoma, unajua saa ngapi kelele zitamzidi, unamtoa nje kabla hajajipiga kichwa. Mtaalamu wa usemi anakuja kila wiki, na wa stadi za mikono. Yuniti ya serikali utamngoja huyo mtaalamu mpaka uote mvi.

Lakini soma mkataba. Wengi hulipa miezi ya masomo tu. Agosti na Disemba ni zako na Mungu. Familia ikihamia Dubai, kazi imekwisha. Na mzazi akilipa sana huwa anataka kusoma kitabu ifikapo Krismasi, wakati wewe unafurahi kwamba leo mtoto kavumilia soksi. Polepole unajikuta unabeba begi, unapasha chakula, unaitwa "auntie".

Jingine hakuna aliyeniambia mapema: kivuli ukimkaa karibu sana unamzuilia marafiki. Wenzake hawamkaribii, kwa sababu pembeni yake pana mtu mzima.

Ukweli_Mchungu

Mnapoteza wakati. Tangu sera ya 2018 serikali yataka ujumuishi, wenye ulemavu wasome pamoja na wengine, shule maalum zote zitafungwa. Nenda Nyali ule pesa.

Bi_Kidawa

Sera hiyo umeisoma wewe? Inasukuma ujumuishi, ndiyo, lakini shule maalum na yuniti imeziacha kama njia zilizo halali. Usimtishe mtu na uhamisho wake.

Baba_Tuktuk

Samahanini, mimi si mwalimu. Naendesha tuktuk, kijana wangu ana Down syndrome, kazaliwa nayo, ana miaka 11. Nilianza naye kituo cha tathmini, EARC, tukaambiwa yuniti. Majirani walishaniambia ni jini, tukazunguka kwa masheikh miaka miwili kabla. Hapo sina wa kumlaumu ila mwenyewe.

Kisha tukajaribu bweni, shule moja siitaji. Alikwenda anajifunga vifungo vya shati, akarudi likizo hajui, kwa sababu kule walimvisha wao ili wawahi foleni ya chai. Tukamrudisha yuniti.

Nimpe mwalimu wa yuniti haki yake. Siku ya michezo wanafunzi wanapindua sarakasi, na mwalimu wa michezo amemshika wangu kiuno ampindue. Yule mama alipiga ukelele uwanja mzima ukanyamaza! Kumbe baadhi ya watoto wenye Down shingo zao ni legevu kwenye maungio, sarakasi inaweza kuumiza uti wa mgongo, mpaka daktari awaangalie kwanza. Miaka kumi hospitali nilikuwa sijaambiwa hilo.

Mlezi_wa_Bweni

Baba Tuktuk, pole, na hilo la vifungo ni kweli hutokea. Mimi niko shule maalum na nitaisemea yetu, kila bweni si hilo.

Sisi vifungo tunafundisha kuanzia mwisho. Unamfunga vyote, unaacha cha chini kabisa, hicho kimeingia nusu tayari. Anakivuta, kwisha, amevaa shati mwenyewe, anashangiliwa. Akikizoea unamwachia viwili. Ukianzia cha juu, atachoka kabla ya kuonja ushindi. Mtoto mmoja alinichukua mihula miwili kwa vifungo vitano. Sasa jaribu hiyo kwa watoto 40 saa kumi na mbili asubuhi na mama wa bweni ni wawili. Hapo ndipo mtu huvishwa, mbio mbio.

Chaki, ukija kwetu utapata wenzako. Kuna mtu wa kukuuliza, "Huyu umemjaribu picha?" Kuna karakana, shamba la mchicha, vijana wakubwa wanaoshona mikeka. Mtaala wao hauendi kwa madarasa, ni hatua: msingi, ya kati, maandalizi ya ufundi. Hakuna anayekuuliza mbona mwenye miaka 17 hajafika darasa la sita.

Ila kuna usiku. Zamu ya wikendi ni yako. Kifafa hakingoji mchana. Mimi usiku wa kwanza nilikimbilia kijiko, mama wa bweni akanipiga mkono. Usitie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, tazama saa. Dakika tano zikipita na bado anatetemeka, gari. Aliyenifundisha ni mama wa darasa la saba wa zamani, si chuo.

Chaki_na_Kanga

Mlezi, hapo kwa kifafa umenitoa jasho. Nina mtoto wa miezi minane nyumbani, zamu za usiku sitaziweza sasa. Nyali naona mkataba ule ni wa miezi tisa kweli, nimeuangalia tena usiku huu. Mume kanyamaza.

Bi Kidawa, yuniti nitajuaje kama ina mtu wa pili? Mwalimu mkuu kwenye simu asema "wapo wa kusaidia".

Bi_Kidawa

"Wapo"! Nenda mwenyewe, usipige simu kabla. Fika saa nne kasoro robo, wakati wa uji. Usikalishwe ofisini. Simama mlangoni mwa yuniti utazame nani anawapeleka chooni, na anawaita kwa majina au "nyinyi". Kisha uliza choo kina maji. Na faili za mpango wa kila mtoto uzione kwa macho. Zikiwa zimenakiliwa zote maneno mamoja, ujue unaanza upya.

Kivuli_wa_Nyali

Na uliza kwa maandishi kama utavutwa kufunika madarasa mengine. Kwa maandishi, shoga.

Chaki_na_Kanga (siku sita baadaye)

Nimekwenda Jumanne. Choo kina maji ya ndoo. Faili 17 zote zimeandikwa "mtoto aboreshe mawasiliano", hata ya mmoja aliyenisimulia ndoa ya dadake tangu posa mpaka walima.

Anayewapeleka chooni ni mama wa jikoni, wazazi wanachanga kumlipa. Majina yote anayo, na anajua nani huogopa sauti ya maji, huyo humpeleka wa mwisho. Nilimuuliza kama atakubali kubaki nami. Akaniuliza mimi nitabaki? Walimu watatu wameshapita.

Fomu ya uhamisho nimeipeleka jana. Mwalimu mkuu hajaandika chochote kuhusu kufunika madarasa, amesema "tutaongea", nitamrudia Ijumaa.

Baba Tuktuk, naomba uniwekee chenji ya sarafu. Mpya tu, za wanyama. Zile za zamani zenye sura za marais zitanivurugia darasa.

Baba_Tuktuk

Simba ninao wengi. Ndovu nitakutafutia Kongowea.