Ploti ya watu wawili wasioweza kuoana: tuanzie wapi?

Mkaazi wa Manyatta, Kisumu:
Wanajukwaa, hamjambo. Mimi na mwenzangu, sote wanawake, tumeishi pamoja kwa miaka mingi. Majirani hutuchukulia kama binamu, na chama chetu cha akiba ni kimoja. Sasa tumepata ploti upande wa Mamboleo na tunataka kuinunua kwa pesa zetu sote. Wenzetu wanapokutana hapa mjini, mazungumzo huishia kwenye ndoa ya jinsia moja: wapo wanaotaka tuidai, kwa kuwa Afrika Kusini iliiruhusu mwaka wa 2006, na wapo wanaoona kwamba kuitaja tu ni kuchokoza nyuki. Je, mmoja wetu akifariki, ploti itabaki kwa nani? Na mjadala huu unatufaa au unatuumiza?

Wakili, Nakuru:
Dada, nianze na ploti, maana muuzaji hatangoja. Ibara ya 45(2) ya Katiba ya 2010 inazungumzia haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inafuata mkondo huohuo. Jambo hilo linawafikia hadi kwenye ofisi ya ardhi, kwa sababu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 imewaachia wanandoa peke yao ule umiliki ambao mmoja akifa mwenzake huchukua yote, isipokuwa mahakama itoe ruhusa. Ninyi mtasajiliwa kwa hisa, na hisa ya marehemu asiyeacha wosia itawaendea watoto wake, na kama hana, wazazi wake. Kwa hivyo kila mmoja aandike wosia wake na autie sahihi mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote humo. Msimsahau mzazi mnayemlisha, kwa sababu mtegemezi aliyeachwa bila kitu anaweza kwenda mahakamani. Kagueni pia jina la mrithi katika fomu za sacco. Wengi huliandika siku ya kujiunga na kulisahau.

Kuhusu mjadala, wanaohofia nyuki wana sababu. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuharamisha ngono ya jinsia moja, na ingawa walalamishi hawakuomba ndoa, majaji waliona kwamba kuvifuta kungefungua njia ya miungano inayokinzana na Ibara ya 45. Februari 2023, hoja ilipokuwa ni uhuru wa mashoga na wasagaji kuunda chama tu, Mahakama ya Juu iliukubali kwa majaji watatu dhidi ya wawili.

Mzee wa Kapsabet:
Mimi siungi mkono ndoa hiyo, na imani yangu hainiruhusu kusema vingine, ila jasho la mtu ni lake. Nawaomba tu msiitumie mila yetu ya Wanandi ya mwanamke kuoa mwanamke kama ngao. Ile ni ya kutafuta mrithi: asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua mwaka wa 2011 katika kesi ya mirathi, haikuwa kesi ya mapenzi.

Nyar Alego:
Mzee amesema kweli kuhusu mila, lakini wanaodhani cheti cha ndoa kingemaliza yote wamkumbuke Wambui Otieno. Alikuwa mke halali, na bado mwaka wa 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo wa Umira Kager mwili wa mumewe, S.M. Otieno, akazikwa Nyalgunga. Nimewahi kuona mazishi ambapo mwenzi wa marehemu alikaa nyuma ya nyumba na wapishi akikatakata sukuma wiki, huku watu waliomjua marehemu kijuujuu wakipokezana kipaza sauti. Wosia hautakuondoa huko jikoni. Mpeleke mwenzako kwenu angali hai, mama na wajomba wamzoee, hata kama hamtawaambia lolote.

Mkaazi wa Manyatta:
Asanteni nyote. Mama yake, mama mkwe kama ninavyomwita kimoyomoyo, tayari hunitumia viazi vitamu. Wakili, je, wosia utanilazimu kueleza yeye ni nani kwangu?

Wakili, Nakuru:
La. Andika jina lake kamili na nambari ya kitambulisho. Ukitaka kuongeza neno, "rafiki yangu" linatosha, na wakili atakayekuandalia hana ruhusa ya kutangaza mambo ya mteja wake.