Shawa ya pembeni, bomba la kuvuta au kichwa cha kuzungusha: nifunge kipi kwenye sinki la jikoni?

JikoSafi
Wakuu, habari za leo. Nimechoka kugeuzageuza masufuria makubwa chini ya bomba, na pembe za sinki hazifikiwi na maji. Nimeona njia tatu: shawa ya pembeni inayokaa kwenye tundu lake kando ya bomba, bomba la kuvuta ambalo kichwa chake huchomoka na mpira, na kile kichwa kidogo cha kuzungusha kinachofungwa kwenye mdomo wa bomba. Fundi anakuja Jumamosi, vifaa nanunua mimi. Kipi kinadumu?

FundiMrija
Mkuu, hujasema una nini. Sinki ni la stenlesi au la jiwe? Lina matundu mangapi? Bomba ni la baridi tu au ni mikisa ya moto na baridi? Maji yanatoka kwenye tangi la juu au moja kwa moja kwenye laini? Bila hayo tutakupa majibu ya sinki la mtu mwingine.

Bi_Sufuria
Nunua bomba la kuvuta, yaishe. Ninalo mwaka wa nne. Mkono mmoja tu: unavuta kichwa, unasuuza, unakiachia, uzito uliofungwa kwenye mpira chini ya sinki unakirudisha chenyewe. Hakuna kutoboa chochote. Ila hakikisha kabatini hamna kitu cha kuzuia huo uzito. Changu kiligoma kurudi wiki nzima kwa sababu ya dumu la sabuni.

Tone_kwa_Tone
Kwa nini ang'oe bomba zima? Kichwa cha kuzungusha kinafungwa kwa dakika tano bila fundi. Fungua kichujio cha mdomoni, angalia nyuzi (mikunjo ya kufungia): zikiwa nje ya mdomo mara nyingi ni milimita 22, zikiwa ndani ni 24. Nenda dukani na kile kichujio chenyewe mkononi, usikadirie kwa macho.

JikoSafi
Samahani, nilisahau. Sinki ni la stenlesi, bakuli mbili. Maji ni ya tangi, liko juu ya paa.

FundiMrija
Matundu? Na bomba je? Hapo hujajibu.

Basi nieleze kuhusu tangi kwanza, maana ndilo litakaloamua. Kila mita 10 za kimo hukupa takriban baa 1 ya presha. Tangi likiwa mita 3 juu ya sinki, una kama baa 0.3, na hiyo ni ndogo. Shawa ya pembeni inategemea kivalvu kidogo ndani ya bomba. Ukibana kitufe, presha ya upande wa mpira inashuka, kivalvu kinasogea na kuziba njia ya mdomo, maji yote yanahamia kwenye shawa. Presha ikiwa haba kivalvu hakisogei vizuri: shawa inatoa kidogo na mdomo unaendelea kumwaga. Watu wanadhani wameuziwa kitu kibovu kumbe ni maji hayana nguvu.

Halafu hicho kivalvu huwekwa kiwandani. Bomba ambalo chini halina mdomo wa tatu wa kufunga mpira, huwezi kuliongezea shawa ya pembeni ya kweli.

Salama77
Hapo kwenye "ya kweli" naomba nikazie, kwa sababu yalinikuta.

Bomba langu halikuwa na huo mdomo wa tatu. Fundi akaniambia si tatizo, akafunga tii (kiungo cha njia tatu) kwenye bomba la maji baridi chini ya sinki, akaunganisha mpira na kichwa kama cha chooni. Kilifanya kazi vizuri sana na nikawasifia watu. Nisichojua ni kwamba ule mpira ulikuwa na presha usiku na mchana, kinachozuia maji ni kitufe cha kichwa peke yake. Tukasafiri siku mbili. Nati ya plastiki ikapasuka pale mpira unapoingia kwenye kichwa. Tuliporudi tulikuta maji yamefika sebuleni, kabati la sinki limevimba hadi milango haifungi, na unga wote uliokuwa chini umeharibika. Mama yangu mzee ndiye aliyetangulia kuingia, akateleza. Namshukuru Mungu hakuvunjika.

Shawa inayopita kwenye bomba hupata presha pale tu bomba linapofunguliwa. Ukilazimika kutumia tii, weka koki yake na uifunge kila unapomaliza. Kila unapomaliza, si ukikumbuka.

Bi_Sufuria
Pole sana ndugu yangu. Mama anaendeleaje?

Salama77
Yuko salama, asante dada.

Tone_kwa_Tone
Pole. Huenda fundi hakuzungusha tepu nyeupe ya kuzibia nyuzi ya kutosha kwenye nati.

FundiMrija
Hapana. Nati iliyopasuka haiokolewi na tepu. Na nati yenye washa (kile kiduara cha mpira) ndani haihitaji tepu, washa ndiyo inayoziba. Tepu ni ya nyuzi zinazobana chuma kwa chuma.

Tone_kwa_Tone
Mimi huweka kote na sijawahi kuvujiwa.

FundiMrija
Hujavujiwa kwa sababu ya washa, mkuu. Tepu nyingi kwenye nati ya plastiki huifanya ikazwe kupita kiasi, na hapo ndipo ufa huanzia.

Bi_Sufuria
Jambo jingine: shawa yoyote utakayofunga, usimwoshee kuku mbichi. Matone yanaruka mpaka kwenye vyombo vilivyokaushwa, na vijidudu navyo. Na kichwa kisizame kwenye maji machafu ya sinki. Presha ikikatika ghafla, yanaweza kunyonywa kurudi kwenye bomba kama hakuna valvu ya kuzuia.

JikoSafi
Nimeinama chini ya sinki na tochi. Bomba ni mikisa, lina mipira miwili, na katikati kuna kimdomo kifupi kimezibwa kwa kifuniko cha plastiki. Juu tundu ni moja tu, la bomba lenyewe.

FundiMrija
Huenda hicho ndicho kimdomo cha shawa, nitumie picha. Stenlesi inatobolewa: tundu la takriban milimita 35, pima kwanza shingo ya shawa yako. Gonga alama kwa sindano ya chuma, drili iende polepole, weka mafuta. Lakini bado hujasema tangi liko mita ngapi juu.

Bi_Sufuria
Atoboe sinki zima wakati bomba la kuvuta linaingia kwenye tundu hilo hilo?

Mgeni_Jikoni
Naomba kudandia hapa. Shawa yangu siku hizi inarusha maji pembeni tu, katikati hakutoki kitu. Nitupe?

Tone_kwa_Tone
Usitupe, hiyo ni chokaa ya maji. Loweka kichwa kwenye siki usiku mmoja, asubuhi sugua matundu kwa mswaki. Ni ya plastiki au ya chuma?