Kamera za treni ndogo "zisizo na waya": nimepigwa euro 79, na Mzee wangu kashuhudia

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Wengine mnanijua, mimi ndiye yule wa Hamburg mwenye Tabora ndani ya stoo ya chini ya ghorofa. Kwa wageni: nimejenga kipande cha Reli ya Kati, Tabora hadi Urambo hadi Kaliua, pale njia ya Mpanda inapochepuka. Kipimo ni 1:87, reli za upana wa milimita 12. Reli ya kweli ya huko ina upana wa mita moja, ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, kwa hiyo 12 inakubali. Vichwa na mabehewa ni ya Kiswisi, maana wale jamaa wa Rhätische Bahn nao wako kwenye reli ya mita na madukani huku vitu vyao vimejaa. Nanunua mitumba, nakwangua ile rangi nyekundu, napaka za kwetu. Mwaka wa nne huu.

Sasa Mzee kaja kunitembelea. Treni kaziendesha zaidi ya miaka thelathini, Tabora–Kigoma anaijua hata usingizini, ila siku hizi goti linamtesa, hawezi kuinama mezani kuangalia treni inavyopita. Nikasema basi nimweke kwenye kiti, TV mbele yake, kidhibiti mkononi, aione njia kwa mbele kama alivyokuwa akiiona kazini. Ndipo nikaingia mtandaoni kutafuta kamera, na ndipo nilipoingizwa mjini.

Muuzaji simtaji, moderator msije mkanifungia. Tangazo lilisema kamera ya waifai "maalumu kwa treni za mfano", picha angavu, moja kwa moja, umbali mita 100, betri dakika 90. Kidude chenyewe ni kiboksi cha sentimita mbili na ushee kila upande. Nikakifunga mbele kwenye behewa la wazi lisilo na kuta, kichwa kikisukuma kutoka nyuma.

Kitu cha kwanza, picha ni ukungu. Lenzi imewekwa kiwandani ione mbali, na kwenye meza yangu hakuna mbali: mti uko sentimita kumi, jukwaa la stesheni sentimita tano. Kamera maalumu kwa treni ya mfano ipi hiyo? Lenzi imegandishwa kwa gundi. Nikaikwangua kwa ncha ya wembe, nikaizungusha kwa koleo ndogo kidogo kidogo, huku nikijua kabisa nimeshaua gwaranti. Ikaona. Hilo nikamsamehe.

La pili ndilo lililonitia aibu.

Mzee kakaa. Kavaa miwani. Kaangalia TV, kaona jukwaa la Urambo limemjaa usoni, akatabasamu hadi nikajiona mtoto mwema. Akaondoa treni taratibu, kiutu uzima, bila kushtua. Mpaka hapo sawa. Tunakaribia Kaliua, mwisho wa reli, Mzee anaangalia kioo anasubiri kiguzo chake cha kufungia breki. Kwenye kioo treni bado iko porini, miombo kulia na kushoto. Mezani mimi naiona imeshapita kiguzo. Kabla sijafungua mdomo, paaa! Kamera imegonga kizuizi, behewa limepanda juu, kichwa kimelala ubavu. Na kwenye TV, wakuu, treni ilikuwa BADO INATEMBEA PORINI. Mzee kageuka kunitazama, kageuka tena kwenye TV, akasubiri na yeye aone ajali yake. Ikaja. Akasema, "Mwanangu, hii treni unayonipa ni ya jana."

Kazi yote aliyofanya kwenye reli hajawahi kugonga kizuizi, anakuja kukigonga Hamburg.

Usiku nikapima. Mbinu ni rahisi: weka simu yenye saa ya kuhesabu sekunde mbele ya kamera, halafu kwa simu ya pili piga picha moja inayobeba saa yenyewe na kioo cha TV kwa pamoja. Tofauti ya namba mbili ndiyo ucheleweshaji. Nilipata sekunde 1.8. Treni ya kilomita 50 kwa saa, kwa kipimo cha 1:87, inakwenda sentimita 16 hivi kila sekunde. Kwa hiyo dereva anaona mahali treni ilipokuwa karibu sentimita 29 nyuma. Kwa reli ya kweli hizo ni mita 25. Hivyo huwezi kusimama stesheni, unaotea tu.

Na sababu yake wauzaji wanaijua fika. Kamera ya waifai inaikamua picha kwanza, inaikata vipande, inavirusha, simu au TV inavikusanya na kuviweka akiba ili picha isikatike, ndipo inaonyesha. Hapo ongeza kwamba ni ya gigahezi 2.4, masafa yale yale ya ruta za majirani. Jengo letu lina nyumba ishirini na nne, hesabuni wenyewe. Mita 100 za tangazo labda walipima uwanjani, mtu kasimama peke yake na kamera yake. Mimi nilipata mita nne, na hata hapo picha ilikuwa inaganda.

Betri? Dakika 26. Na inapata moto mpaka gundi ya behewa ikalainika.

Niwe mkweli kuhusu jambo moja msije mkanisema. Kwenye handaki picha inakufa kabisa, na hilo ni kosa langu. (Najua Tabora hakuna handaki, wanangu ndio walilitaka.) Ule mlima niliujenga kwa waya wa kuku halafu plasta juu. Waya wa kuku wenye vitundu vidogo ni kama sufuria kwa mawimbi haya, kamera iliyo ndani haisikiki nje. Anayepanga kujenga mlima atumie kadibodi au povu.

Sasa sikilizeni huduma kwa wateja. Nimewaandikia kila kitu, namba, picha za saa, video ya ajali. Siku tatu kimya. Siku ya nne wananijibu: "Tafadhali safisha reli zako kwa alkoholi, uchafu husababisha picha kukatika." Jamani! Kamera ina betri yake! Haigusi reli! Hata nikiziweka reli juu ya shelfu, kamera itaendelea kuwaka! Nimewajibu hivyo hivyo, wakaniambia basi ninunue kifaa chao cha kuongeza nguvu ya mawimbi, euro 34. Kurudisha pesa hawataki kwa sababu lenzi "imechezewa".

Na nyie wenye zile video tamu za kupanda mbele ya treni, nanyi mna mchango wenu. Nimekaa nazitazama miezi, nikiamini ndivyo kamera zinavyoonyesha. Kumbe nyingi zimerekodiwa kwenye kadi ndani ya kamera, baadaye mtu akahamishia kwenye kompyuta. Kurekodi si kazi. Semeni basi kwamba si moja kwa moja.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba wazo lenyewe ni la zamani. Lionel wa Marekani mwaka 1988 waliuza kichwa cha treni chenye kamera puani, kinaitwa Railscope, picha nyeusi na nyeupe, zikipita kwenye reli zenyewe hadi kwenye TV. Betri za volti 9 kilizila kama karanga, hilo kila mtu alililalamikia. Lakini hakikumwonyesha mtu treni ya jana.

Jamaa mmoja wa klabu ya hapa, anayerusha droni, ndiye kanifungua macho. Wao wanatumia kamera za analogi, yaani zinazorusha picha ilivyo bila kuikamua, za gigahezi 5.8. Picha haina uzuri, ina chenga kama TV ya antena ya zamani, ila ucheleweshaji haufiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Miliwati 25 ndiyo inayoruhusiwa huku bila leseni na kwa stoo inatosha na kubaki. Mjihadhari tu, hizi zinakuja na chaneli 40 na nyingine ziko nje ya masafa yanayoruhusiwa. Aliniazima dakika kumi nikajaribu bila Mzee kujua. Treni ikafika Kaliua, nikafunga breki nikiangalia kioo tu, ikasimama kidole kimoja kabla ya kizuizi. Nikairudisha Urambo nikarudia, nikidhani ni bahati. Ikasimama palepale.

Tatizo, ya kwake anaihitaji wikiendi kwa mashindano, na niliyoagiza mimi inafika wiki ijayo. Mzee anapanda ndege Jumapili.

Kwa hiyo naomba: mwenye kamera ya 5.8 na kipokezi chake, aliye Hamburg, Bremen, Lübeck, hata Hannover, aniazime siku mbili tu. Nakuja kuichukua mwenyewe na nairudisha mwenyewe, dhamana naweka. Nijieni PM. Jana jioni nimemkuta stooni peke yake, kakinyanyua kile kichwa, anakifuta vumbi kwa leso.