Taa za ukuta wa nje: sola au za umeme?

Baraza_Wazi
Wakuu, habari za jioni. Nyumba inaelekea kuisha na wiki hii nataka kununua taa za ukuta wa nje. Dukani wananisukuma nichukue za sola zilizoandikwa wati 300, wanasema sitalipia umeme hata kidogo. Fundi wangu anataka LED za umeme. Nichukue zipi? Nataka zidumu na nyumba ipendeze.

Fundi_Nyaya
Mkuu, hujatupa cha kushika. Taa ngapi? Waya zimeshatolewa ukutani au lipu imeshapigwa bila waya? Ukuta unapigwa na mvua moja kwa moja au paa limetokeza? Uko karibu na bahari? Bila hayo kila mtu atakutajia taa iliyoko kwake.

Jua_Bure
Sola tu, kaka. Hakuna kuchimba ukuta, hakuna bili, umeme ukikatika wewe unawaka. Kwangu zinawaka hadi asubuhi.

Fundi_Nyaya
Zinawaka, ndiyo, lakini kwa nguvu gani? Tupige hesabu. Paneli ndogo ya juu ya taa, tuseme ni ya wati 5. Ukipata saa tano za jua kali, umevuna wati-saa 25, na hapo sijatoa kinachopotea kwenye betri. Gawa kwa saa 12 za usiku: wati 2. Taa ya wati 300 ingehitaji wati-saa 3,600 kwa usiku mmoja! Hiyo namba kwenye boksi haina maana. Angalia lumeni (kiasi cha mwanga taa inaotoa), ukubwa wa paneli na ujazo wa betri. Boksi lisiloandika lumeni, liache dukani.

Jua_Bure
Sijatetea hiyo wati 300. Natetea sola. Wati 2 za LED nzuri zinatosha mtu kuona ngazi na tundu la kufuli. Si kila ukuta unahitaji mwanga wa uwanja wa mpira.

Upepo_wa_Bahari
Mimi naomba uangalie taa imetengenezwa kwa nini kabla hujafika kwenye sola na umeme. Sisi tuko karibu na maji ya chumvi. Tuliletewa taa za chuma kilichopakwa rangi nyeusi, nzuri kweli, na muuzaji akatuhakikishia ni za nje. Msimu wa kwanza wa mvua haujaisha, rangi ikaanza kuvimba kwenye kingo, kisha kutu ikachuruzika ukutani michirizi ya kahawia juu ya rangi nyeupe. Hiyo michirizi haitoki kwa kuosha. Fundi aliyezifunga alikuwa amezizungushia silikoni pande zote, hata chini, kwa hiyo unyevu ulioingia ukakosa pa kutokea. Ukifungua kioo unakuta maji yametuama ndani. Mvua ikinyesha usiku, kikata umeme kinaruka na nyumba nzima inazima, friji na yote. Tukawa tunaamka gizani kutafuta taa ipi imeleta shida. Siku ya kuzitoa, skrubu zilikuwa zimeshikana na kutu, ikabidi zikatwe na kipande cha lipu kikaondoka nazo. Sasa tuna za plastiki ngumu zinazohimili jua, na skrubu za chuma cha pua. Hazina urembo ule, lakini mvua ikinyesha tunalala.

Fundi_Nyaya
Pole sana. Hilo la silikoni naliona kila mara. Ziba juu na pembeni, chini acha wazi maji yatoke. Na usome namba ya IP: tarakimu ya kwanza ni kinga dhidi ya vumbi, ya pili ni kinga dhidi ya maji. IP44 inavumilia maji ya kurukiarukia, inafaa chini ya paa lililotokeza. Ukuta ulio wazi, IP65.

Bi_Bustani
Mbona hakuna anayezungumzia rangi ya mwanga? Chukua ya manjano, kelvini 2700 hadi 3000. Ule mweupe wa 6500 unaita wadudu. Msimu wa kumbikumbi utafagia mbawa mlangoni kila asubuhi, na mijusi itahamia ukutani.

Macho_Usiku
Dada, kwa usalama mweupe ndio unaonyesha sura ya mtu. Manjano ni ya hotelini.

Bi_Bustani
Kaka, taa kali inayokupiga machoni haikuonyeshi chochote. Aliyesimama pembeni kwenye kivuli anakuona wewe, wewe humwoni. Kinacholinda ni taa inayoelekeza mwanga chini, popote mtu anapopita.

Macho_Usiku
Kuelekeza chini nakubali. Rangi sikubali.

Baraza_Wazi
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Taa sita. Mbele nne, waya zimeshatolewa na paa limetokeza. Nyuma mbili, hakuna waya na ukuta umeshapakwa rangi. Bahari iko mbali.

Fundi_Nyaya
Sasa tunazungumza. Mbele weka za umeme. Hata zote sita zikiwa za wati 8 na zikiwaka saa 12, ni wati-saa 576, zaidi kidogo ya nusu uniti kwa usiku (uniti ni wati-saa 1,000). Kwa nne ni pungufu ya hapo.

Jua_Bure
Na nyuma sola yenye sensa ya mwendo! Inakaa hafifu, mtu akipita inawaka kwa nguvu. Betri inafika asubuhi.

Macho_Usiku
Sensa uifunge pembeni mwa njia. Hizi zinazonusa joto la mwili zinamwona haraka anayekatiza mbele yake, anayezijia uso kwa uso zinachelewa kumwona. Na usiielekeze kwenye matawi, itawaka usiku kucha.

Upepo_wa_Bahari
Ukuta wa nyuma unapata jua? Paneli kivulini ni bure.

Baraza_Wazi
Unapata asubuhi tu, mchana kuna mwembe.

Jua_Bure
Basi tafuta yenye paneli ya kutenganisha, uipandishe bati.

Bi_Bustani
Na hizo za nyuma zisielekee kwa jirani. Wa kwangu ameweka taa kali, inaingia chumba cha watoto, nimeshamwomba aiinamishe.

Macho_Usiku
Weka pazia zito.

Bi_Bustani
Pazia ninunue mimi kwa taa ya mtu mwingine?

Fundi_Nyaya
Mwenye mada, kabla hujaenda dukani: waya zilizotolewa mbele ni mbili au tatu? Ukichagua taa za chuma, waya wa ethi (ule wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini) lazima uwepo.

Baraza_Wazi
Naziona mbili, labda wa tatu umekunjwa ndani. Fundi anakuja kesho, nitafungua naye tuone.

Upepo_wa_Bahari
Ukikuta hakuna ethi, chukua plastiki. Nina picha za zetu, niziweke?