Tupeane uzoefu: mliosomea utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, kazi mlizipata wapi?

Masijala_ya_Wazi
Wakuu, salaam. Mdogo wangu kapata nafasi chuoni, kozi ya utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Badala ya pongezi, mjomba kamwambia mbele za watu, "Miaka yote hiyo unasomea kupanga mafaili?" Binti kanyamaza, jioni kaniuliza kama inawezekana kubadili kozi. Maneno yale yamenichoma kwa sababu na mimi niliambiwa hayohayo, na masijala, ile ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, ndiyo iliyonilea mpaka leo. Sitaki nimjibu peke yangu. Mliosomea fani hii semeni ukweli: mtaani mlikaa, au mlidaka ajira mapema? Mliajiriwa kama nani? Na siku gani kazini ilikuwa ngumu kuliko zote? Msipambe, wala msimkatishe tamaa bila sababu.

kalamu_nyekundu
Nianze na uchungu. Nilikaa mtaani mpaka watu wakaacha kuniuliza. Matangazo yalikuwa yanatoka, ila mengi yanataka msaidizi wa kumbukumbu, ngazi ya cheti au diploma. Sisi wa digrii nafasi zilikuwa za kuhesabu. Kilichonitoa ni kuacha kutafuta neno "nyaraka" kwenye jina la cheo. Miradi mikubwa ya ujenzi, gesi na migodi ina mdhibiti wa nyaraka. Mchoro wa jengo unatoka toleo la kwanza, unarekebishwa, unatoka la pili, la tatu. Fundi akibaki na lile la zamani, ukuta uliokwisha kusimama unabomolewa. Kazi yangu ni kuhakikisha kila aliye kwenye mradi ana toleo lililoidhinishwa, na la zamani limerudishwa na kugongwa muhuri. Upokeaji, usajili, mzunguko, udhibiti wa nakala: yote tuliyosoma darasani. Ila tangazo linakaa kwenye kundi la wahandisi, wenzetu wanapita bila kuliona.

nipo_mwaka_wa_pili
Hii chuoni hatujawahi kuambiwa. Asante sana kaka.

Mama_Folio
Hospitali pia, msiisahau. Mimi niko kumbukumbu za wagonjwa. Mtu analetwa hajitambui, daktari anataka faili kabla ya sindano: ana mzio wa dawa gani, alishapasuliwa nini, anatumia dawa zipi. Sasa majina yanafanana mpaka la babu, mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria. Usiku mmoja wodi ilituma mtu achukue faili kwa jina tu. Nikagoma kulitoa mpaka niletewe namba. Nesi akanifokea, nikamwelewa, mgonjwa wake alikuwa hali mbaya. Namba ilipofika, faili lilikuwa la mama mwingine kabisa mwenye majina yote matatu yaleyale, na kundi la damu tofauti. Yule nesi mpaka leo ni rafiki yangu. Anayesema tunapanga mafaili, aje alale zamu moja.

Mchambua_Faili
Mama Folio umeongea. Namba kwanza, jina baadaye.

Kijana_wa_Seva
Samahani kama nitaudhi watu, ila tuambiane ukweli. Kila kitu kinahamia kwenye mfumo. Skani, weka kwenye seva, funga masijala. Mwambie mdogo wako akasome kompyuta.

Mchambua_Faili
Hujaudhi mtu, ila umesema nusu. Ofisi moja niliyofanya kazi ilileta kampuni ya kuskani. Wakaskani kila kitu usiku na mchana, wakaondoka na fedha yao. Tukabaki na maelfu ya picha zenye majina kama "skani0047". Hakuna aliyejua barua ilitoka jalada gani, ilijibu nini, ilifuatwa na nini. Na karatasi zilikuwa zimeshang'olewa kwenye majalada! Ilibidi sisi wa masijala tukae chini, picha moja moja, turudishe mpangilio. Barua moja bila jirani zake haithibitishi lolote, ndiyo maana kanuni ya kuheshimu asili iliandikwa Ufaransa mwaka 1841 na hadi leo hakuna aliyeifuta: kumbukumbu za ofisi moja zikae pamoja, zisichanganywe na za mwingine.

Halafu hiyo seva. Umbo la faili la leo litasomeka baada ya miaka thelathini? Ndiyo sababu ikatengenezwa PDF/A, kiwango cha kimataifa cha ISO 19005 cha mwaka 2005, kwa ajili ya kuhifadhi muda mrefu. Na kielelezo kinachofuatwa duniani kwa hifadhi za kidijitali, ISO 14721, kilianzia kwa watu wa data za anga za juu. Wale wana kompyuta kuliko mimi na wewe, na bado waliona seva peke yake haitoshi.

Kijana_wa_Seva
Sawa, lakini hivyo viwango anayevitekeleza ni nani? Ni sisi. Wewe huwezi hata kuhamisha hifadhidata.

Masijala_ya_Wazi
Na wewe utajuaje jalada lipi litunzwe daima na lipi liteketezwe muda wake ukiisha? Utavitunza vyote? Mfumo ukijaa utafuta vipi? Mnahitajiana jamani, tusigombane.

Rafu_ya_Juu
Mimi ni mkutubi. Nauliza kwa nia njema: kwa nini msingeunganishwa tu na ukutubi? Kupanga ni kupanga.

Mchambua_Faili
Ndugu mkutubi, kitabu unakipanga kwa mada. Kikipotea, nakala nyingine ipo dukani. Jalada la mirathi ya mtu liko moja tu duniani. Si kupanga kule.

Rafu_ya_Juu
Hapo kwenye nakala moja nimekubali. Ila tuna maktaba zenye hati za kipekee, na sisi ndio tunazitunza vizuri tu. Usidharau.

Sanduku_la_Chuma
Nimewasoma kimya tangu asubuhi. Aliyeuliza siku ngumu kuliko zote, ngoja niseme.

Ofisi siitaji. Ilikuwa Ijumaa, watu wanafunga madirisha waondoke. Bosi akaniita, akaniambia nifunge mlango. Akasema stoo ya chini imejaa, majalada ya malipo ya miradi fulani yatolewe yakachomwe kabla ya Jumatatu, gari limeshaandaliwa. Nikauliza kibali. Akasema, "Kibali ni mimi." Ratiba ya uhifadhi na uteketezaji ilikuwa mezani kwangu, na majalada yale muda wake haukuwa hata karibu. Tena wakaguzi walikuwa wanatarajiwa wiki iliyofuata. Hilo yeye hakulitamka, lakini dereva alilijua, mhudumu alilijua, kila mtu alilijua.

Nikamwambia nitayatoa nikipata agizo kwa maandishi. Hakupandisha sauti. Akaniuliza, "Una watoto wangapi?" Nikamjibu. Akasema, "Basi kafikirie."

Nyumbani sikula. Mume wangu akasikiliza hadi mwisho, akasema kitu kimoja: andika. Jumamosi nikaenda na mwenzangu wa masijala. Tukaorodhesha kila jalada: namba yake, jina, folio ya kwanza (folio ni karatasi yenye namba ndani ya jalada), folio ya mwisho, liko reki ipi. Tukasaini wote wawili. Kisha nikaandika dokezo kwamba nimepokea agizo la mdomo la kuteketeza majalada yaliyoorodheshwa, kwamba kwa mujibu wa ratiba muda wake haujafika, na kwamba naomba mwongozo. Nakala kwa mkaguzi wa ndani. Nikalisajili kwenye rejesta, likapata namba. Kuanzia hapo, jalada likipotea, kupotea kwake kungeonekana.

Jumapili mlinzi akanipigia: "Dada, gari limekuja." Nilifika natetemeka mikono. Stoo iko wazi, masanduku mengine yameshapakiwa. Bosi hayupo, yupo dereva na vijana wawili nisiowajua. Sikupiga kelele, nguvu hizo sikuwa nazo. Nilimpa dereva orodha na kalamu, nikamwambia asaini mbele ya kila jalada analolibeba, na aandike ameagizwa na nani. Akaisoma ile karatasi ukurasa wa kwanza, wa pili. Akawageukia wale vijana: "Shusheni." Wakashusha vyote. Mimi nikafunga stoo na kukaa pale mlangoni mpaka giza likaingia, kwa sababu miguu ilikataa kuinuka.

nipo_mwaka_wa_pili
Dada! Ikawaje Jumatatu?

kalamu_nyekundu
Usituache hapo tafadhali.

Mzee_wa_Mhuri
Mwanangu, nakupa pole na heshima. Ila vijana wasijifunze ubishi. Mimi nimetumikia miaka mingi: mkubwa akisema, unaandika kwamba amesema, kisha unatii. Mzigo unakuwa wake.

Mchambua_Faili
Shikamoo mzee. Hapo siungani na wewe. Katika nchi nyingi kuharibu kumbukumbu za umma bila idhini ya mamlaka ya nyaraka ni kosa la jinai. Mwenye kiberiti mkononi naye anashtakiwa. "Niliagizwa" haikutoi.

Mzee_wa_Mhuri
Marahaba. Sheria naijua, mwanangu. Najua pia njaa.

Mama_Folio
Mzee anasema kweli kuhusu njaa, na dada alifanya lililo sahihi. Yote mawili yapo. Dada, Jumatatu ikawaje?

Sanduku_la_Chuma
Jumatatu bosi alinipita kama hanioni. Wakaguzi walikuja, wakaomba majalada, nikayatoa kwa saini moja baada ya nyingine, yote yakiwepo. Baada ya muda si mrefu nikapata barua ya uhamisho, kituo cha mbali, bila maelezo. Nilikwenda. Mzee, sikubishana naye hata dakika moja, niliomba maandishi tu. Na jambo ambalo sikulitegemea: vibarua waliofanya kazi kwenye miradi ile walikuwa wanadai malipo yao, na karatasi za mahudhurio zilikuwa ndani ya majalada hayohayo. Walilipwa. Mmoja wao alinitafuta kwa simu mpaka akanipata.

Masijala_ya_Wazi
Nimesoma mara mbili. Huyu mdogo wangu nitamsomea hii. Ila wakuu, swali la ajira tusilipoteze.

Mchambua_Faili
Mkuu, swali la ajira ndilo hili hili. Mwaka 1973, Julai 12, jengo la kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Marekani, liliungua. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Ghorofa zile hazikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji ya kuzima moto. Nakala hakuna. Wanajeshi waliostaafu ikabidi utumishi wao ukusanywe upya kutoka stakabadhi za mishahara na karatasi nyingine zilizobaki kwingine ili wapate haki zao. Watu wanaajiriwa kuzuia hilo na kurekebisha hilo. Tatizo waajiri wengi wanaamka moto ukishawaka.

Rafu_ya_Juu
Au maji. Kwetu bomba lilipasuka juu ya stoo. Mkubwa mmoja akaamuru karatasi zianikwe juani.

Mzee_wa_Mhuri
Jua ndilo dawa. Sisi tulianika.

Rafu_ya_Juu
Mzee, samahani, jua kali linakunja karatasi na kupausha wino. Kivuli, feni, karatasi za kunyonya katikati, hewa ipite. Na zikiwa nyingi kuliko mikono, zigandishwe kwenye friza, maana ukungu unaanza ndani ya siku mbili hivi. Jengo la nyaraka za jiji la Köln, Ujerumani, lilipoporomoka Machi 3, 2009, hati zilizotolewa kifusini zikiwa zimelowa ziligandishwa kwanza, ukarabati ukafuata taratibu.

Mzee_wa_Mhuri
Friza la ofisi yangu lilikuwa la soda. Lakini nimekusikia.

kanda_na_sauti
Nimechelewa. Niko kituo cha redio, hifadhi ya sauti. Nyaraka si karatasi peke yake jamani! Kanda za sumaku zinakufa, na mashine za kuzichezea zinakufa haraka zaidi, vipuri havitengenezwi. UNESCO na wenzao wa hifadhi za sauti walitoa tahadhari tangu mwaka 2019 kwamba kufikia 2025 hivi kuzihamisha kutakuwa kugumu mno. Huku kuna kazi na watu hawapo. Mtoto akijifunza kusafisha kanda na kuandika maelezo yake, hatalala njaa.

kalamu_nyekundu
Na ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria zinapitishwa kila upande, taasisi zinahitaji mtu anayejua taarifa ipi iko wapi na itunzwe hadi lini. Huyo ni sisi. Tukichelewa, wanasheria watakaa kwenye nafasi hiyo.

Mama_Folio
Ushauri wangu aanze diploma, aajiriwe, digrii aichukue akiwa kazini.

Mchambua_Faili
Mimi nasema aende digrii sasa hivi. Akishaanza mshahara na familia, kurudi darasani ni kazi.

Rafu_ya_Juu
Ajifunze hati za zamani. Nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizoko Nyaraka za Taifa za Tanzania ziliingizwa na UNESCO kwenye rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, na hati za Kiarabu za Zanzibar mwaka 2003. Mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, au Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wanaousoma ni wachache na watafiti wanawatafuta.

Kijana_wa_Seva
Na ajifunze hifadhidata. Nasema kwa moyo mmoja safari hii. Kisa cha dada wa sanduku kimenifanya niangalie nani ana ruhusa ya kufuta kwenye mfumo wetu. Wako wengi mno, na hakuna rejesta ya waliofuta.

Sanduku_la_Chuma
Anza na hiyo rejesta, kaka. Kesho.

nipo_mwaka_wa_pili
Nauliza la mwisho: mafunzo kwa vitendo niombe hospitali au mahakama?

Mama_Folio
Hospitali. Utajifunza kasi.

Sanduku_la_Chuma
Mahakama. Utajifunza kwamba folio moja iliyokosekana inaweza kumnyima mtu kiwanja.

kalamu_nyekundu
Popote penye stoo iliyotelekezwa. Omba uipange wewe, safu kwa safu, uandike maelezo kwa kufuata ISAD(G), mwongozo wa kimataifa wa kuandika maelezo ya nyaraka, uyaingize kwenye AtoM, programu ya bure ya kuorodhesha nyaraka. Siku ya usaili unawafungulia kazi yako waione. Na vaa barakoa humo ndani, vumbi la majalada ya zamani lina ukungu.

nipo_mwaka_wa_pili
Kuna kanisa jirani lina rejesta za ubatizo za zamani kwenye sanduku, mchwa wameanza. Je, hizo zinafaa?

kalamu_nyekundu
Zinafaa sana. Ongea na paroko kwanza, akupe ruhusa kwa maandishi. Ukifika, usizisogeze kabla hujapiga picha zilivyokaa.