Naomba ushauri: mazoezi ya ziada ya mpira kwa mtoto wa miaka 12

Wakuu, kijana wangu ni winga wa kushoto, yuko akademi moja hapa Dar, mazoezi mara tatu kwa wiki. Sasa kocha kaanzisha ya ziada kwa "wachezaji maalumu", alfajiri siku mbili, laki na nusu kwa mwezi nje ya ada. Eti bila hayo hapati majaribio Ulaya. Lakini si FIFA kimsingi inazuia uhamisho wa kimataifa chini ya miaka 18? Mbwana Samatta mwenyewe alipitia Simba na TP Mazembe ya Kongo kwanza, ndipo akaenda Ulaya.

Dogo anayataka kweli, ila darasani ameanza kusinzia, na goti linamuuma akipanda ngazi. Mama yake hataki hata kusikia.

Waliowapitisha watoto huko, mliona tofauti uwanjani au hela tu ilienda?