Mbwa wangapi wanatosha na wa aina gani? Tupeane uzoefu

Mwenye Uwanja:
Wakuu habari za jioni. Mimi nina jike mmoja koko, miaka mitatu sasa, anaitwa Zawadi, mtulivu, anabweka pale panapohitaji kubweka, hana ugomvi na mtu. Juzi kati watu waliruka ukuta kwa jirani usiku na tangu hapo mke wangu hapati usingizi, kila jani likidondoka ananiamsha. Anataka tuongeze mbwa wawili wafike watatu, mimi nasema mmoja anatosha. Kwenye aina ndio hatuelewani kabisa, yeye anataka German Shepherd, shemeji anapigia debe Rottweiler, mtoto wa miaka saba analilia kale kadogo kenye manyoya. Mliopitia haya naomba mseme, mlianza na wangapi mkafika wangapi, na kama mngeanza upya mngechukua aina gani. Nasoma yote.

Mama Pacha:
Kaka umenikumbusha mbali. Mimi nilianza na wawili, jike na dume wa tumbo moja, na hapo kichwani nilijua wawili ndio basi. Hakuna aliyeniambia kwamba mbwa hawajui undugu. Jike alipofika miezi minane hivi akaingia kwenye joto, nikaona madume ya mtaa mzima yamelala getini kwangu nikawa nayafukuza kwa mawe, kumbe mhusika nipo naye ndani namlisha mwenyewe. Mimba ya mbwa ni siku 63 tu, hujakaa sawa wameshafika. Alizaa tisa. Wa mwisho alikuwa anaenea kiganjani, baridi kama jiwe, nikamsugua na taulo mpaka akalia, halafu nikawa naamka kila baada ya saa mbili namnywesha maziwa kidogo kidogo kwa bomba la sindano. Alipona. Wawili wakafa, wale wengine niliwagawa kwa kupigia simu mpaka watu ambao nilikuwa sijaongea nao miaka. Kwa hiyo kabla hujauliza wangapi, uliza nani amehasiwa na nani hajahasiwa.

Kobe Mpole:
Hapo kwenye undugu hata mimi nilijua hawapandani. Asante kwa kusema.

Shepadi Damu:
Mke wako yuko sahihi mkuu, chukua shepadi na wala usitafute mengine. Huyu mbwa alitengenezwa kwa kazi, Max von Stephanitz alianza kumsajili Ujerumani mwaka 1899 akitaka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili na utii, sio pambo. Ndio maana polisi na jeshi wanamtumia mpaka leo. Ila usimfungie bandani kutwa nzima umtoe usiku tu, huyo atachanganyikiwa, nimeona mmoja anazunguka anafukuza mkia wake mpaka mkia umetoka damu. Anataka kukimbia na anataka kufundishwa kitu kila siku. Na uliza habari za nyonga za wazazi wake, wengi wanaharibika nyonga wakiwa bado vijana, unamwona anainuka kwa shida kama mzee. Mimi ningekushauri chukua wawili majike wa tumbo moja wakue pamoja, watazoeana, hutapata shida.

Bibi Geti la Kijani:
Nilikuwa napita tu nisome nilale lakini hapo mwisho mwanangu umenigusa kidonda. Majike wawili wa tumbo moja. Ngoja nieleze.

Niliwachukua Nuru na Neema wana wiki nane, shepadi wote wawili. Mwaka mzima na nusu walikuwa wanalala mgongo kwa mgongo, mmoja akienda kwa daktari wa mifugo mwingine analia getini. Watu wakija wanasema umepata mapacha. Halafu vikaanza vitu vidogo ambavyo mimi sikuvijua maana yake. Neema akawa anasimama kwenye mlango wa jikoni, hafanyi kitu, anasimama tu, na Nuru anazungukia nje badala ya kupita. Akawa anamwekea kidevu juu ya mabega. Nuru anageuza uso pembeni, analamba midomo. Mimi nikawa nacheka nasema wanataniana.

Siku yenyewe ilikuwa mvua, nimerudi jioni nimeshika mfuko mkono mmoja, wote wawili wakaja mbio kunipokea. Wakafika pamoja kwenye miguu yangu. Kukawa kimya, sekunde moja hivi, wakaganda, na hicho kimya ndicho ninachokikumbuka kuliko kelele zilizofuata. Halafu wakashikana. Nimefuga mbwa tangu utotoni, nimeona mbwa wakigombana, madume yanapiga kelele nyingi yanaachana, hawa hawakuwa wanaachana. Neema amemshika mwenzake chini ya sikio na anatikisa kichwa. Nikafanya kosa, nikaingiza mkono kushika mkanda wa shingo wa Nuru, akageuka akanishika hapa chini ya kiwiko bila hata kuangalia ni nani. Hakuwa ananing'ata mimi, alikuwa anang'ata chochote kinachomgusa. Kijana wangu akatoka na meza ya plastiki akaisukuma katikati yao kama ukuta, tukawabana mmoja huku mmoja kule, mpaka tukafunga mlango.

Nuru alishonwa nyuzi nyingi akapona. Lakini kuanzia siku hiyo wakawa hawawezi kuonana. Miezi minane tuliishi kwa zamu, mmoja nje mwingine chumbani, saa sita mchana tunabadilisha, mlango huu usifunguliwe mpaka ule umefungwa, nilibandika karatasi kwenye kila mlango. Watu wakaniambia mgawe mmoja, nikasema siwezi, nimewalea wote. Siku moja mgeni akafungua mlango anatafuta choo. Nilikuwa bafuni. Nilipofika Neema ameshalala chini na Nuru amesimama pembeni yake anatetemeka, na alivyoniona akaja kujificha nyuma ya miguu yangu.

Nuru bado yupo, ana miaka tisa sasa, mdomo umekuwa mweupe. Sijawahi kumwekea mwenzake tena.

Kobe Mpole:
Pole sana mama.

Dada Manyoya:
Shikamoo mama, pole. Nimesoma huku nimemshika wangu mkononi. Huyo mgeni alijua alichofanya?

Bibi Geti la Kijani:
Marahaba. Alijua, alilia kuliko mimi. Sikumlaumu, karatasi ya mlango ule ilikuwa imedondoka na mimi niliiona asubuhi nikasema nitaibandika baadaye.

Mtaalamu wa Kibanda:
Mama pole, ila kwa faida ya wengine, dawa ya hapo ni kuwashika miguu ya nyuma, watu wawili, kila mmoja anamshika wake anamnyanyua anarudi naye kinyumenyume kama anavuta toroli. Wanaachia.

Fundi Geti:
Usidanganye watu. Ukimvuta wakati meno yameshazama unachana nyama, na akiachia tu anageuka anakula wewe. Maji mengi usoni, blanketi juu yao, au ubao katikati kama alivyofanya huyo kijana.

Mtaalamu wa Kibanda:
Nimeachanisha mbwa mara tatu kwa njia hiyo na mikono yangu yote miwili ipo. Wewe umeachanisha mara ngapi?

Fundi Geti:
Mara moja ilinitosha, nina alama pajani. Na mama alikuwa peke yake mpaka kijana alipotoka, hao watu wawili wako angewatoa wapi?

Mama Pacha:
Jamani acheni. Mama, ule mkono ulitibiwa vizuri? Maana watu wanapuuzia wakisema ni mbwa wangu mwenyewe.

Bibi Geti la Kijani:
Nilioshea bombani na sabuni dakika kumi na tano kamili kwa saa, halafu hospitali. Mbwa wote walikuwa na chanjo ya kichaa na kadi nilikwenda nazo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu kila anayeugua anakufa, hapo sio pa kubahatisha, hata aliyekung'ata awe umemzalisha mwenyewe.

Shepadi Damu:
Mama nimekusoma mara mbili. Nilichoandika pale juu kuhusu majike wawili nakifuta. Mimi nilikuwa nao wawili wakakaa vizuri nikadhani ndivyo ilivyo kwa wote.

Bibi Geti la Kijani:
Wapo wanaokaa vizuri mpaka uzee mwanangu, sikatai. Ila balaa likitokea kati ya majike halisahauliki. Na huwa haliji utotoni, linakuja wakishakomaa, mwaka mmoja mpaka mitatu hapo, wakati wewe umeshajisahau.

Rotti Baba:
Turudi kwa mwenye swali. Rottweiler. Watu wanamsema vibaya bure, nina dume la kilo 52 na mtoto wangu alijifunza kutembea ameshika sikio lake. Mbwa ni malezi.

Koko wa Mtaa:
Malezi nusu. Damu nusu. Mbwa aliyezalishwa vizazi na vizazi kwa ulinzi huwezi kumfanya awe kitu kingine kwa kumbembeleza.

Rotti Baba:
Unamfuga wewe au unamsikia?

Koko wa Mtaa:
Nilimfuga miaka sita na nilimpenda. Nachosema ni hiki, koko akikosea mgeni anachanika suruali, Rottweiler akikosea ni habari nyingine, kwa sababu ya kilo hizo hizo 52 unazojivunia. Mwenye mbwa wa hivyo lazima awe na muda wa kumfundisha akiwa mdogo, awazoee watoto, fundi, muuza maziwa, pikipiki, mwamvuli, wote. Jamaa hajasema ana muda kiasi gani.

Rotti Baba:
Hapo kwenye muda tunakubaliana.

Dada Manyoya:
Naomba nimtetee mtoto kidogo. Kale kadogo mnakadharau lakini ndiko kengele ya nyumba, kanasikia kabla ya wote, kanaanza, ndio mkubwa anaamka. Na kanaishi sana, wadogo wengi wanafika miaka 14, 15, wakati hao wakubwa sana kama Great Dane miaka 8 mpaka 10 wameondoka. Ila usikaweke na mbwa mkubwa asiyekazoea, hata kwa mchezo tu, kukanyagwa mara moja mguu umevunjika.

Mlala Macho:
Mimi nilichukua Doberman kwa sababu ya muonekano. Nikamjengea banda zuri nje. Hakukaa. Ana manyoya mafupi, yale ya ndani ya kuzuia baridi hana, baridi inampata, na halafu ni mbwa wa kumganda mtu, ukienda chooni anakusubiri mlangoni. Baadaye nikajua Dobermann mwenyewe, yule wa Apolda, alikuwa mkusanya kodi na alitaka mbwa wa kutembea naye ubavuni. Sasa mimi namweka peke yake nyuma ya nyumba halafu nashangaa analia usiku kucha. Siku hizi analala koridoni na nyumba ina ulinzi kuliko zamani.

Kobe Mpole:
Kuna Basenji kama majirani hawapendi kelele, asili yake Kongo, habweki kama wengine, ana sauti yake kama anaimba. Kwa kuamsha watu usiku sijui kama ndiye.

Mkulima wa Kilimani:
Mtanisamehe naandika kwa hasira maana mada hii iliniumiza. Niliongeza mtoto wa mbwa bila kuuliza wazazi wamechanjwa au la, wiki sita, nikamweka pale pale alipofia mwingine miezi mitano nyuma kwa parvo. Sikujua kwamba kile kirusi kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Nilisafisha kwa maji na sabuni nikaona inatosha, kumbe inatakiwa dawa ya klorini na bado udongo huwezi kuumaliza. Siku ya nne akakataa kula, akatapika, harufu ya ule mharo ukishaisikia huisahau. Alikufa amelalia soksi yangu. Mtoto wa mbwa anaanza chanjo wiki ya sita mpaka ya nane, anarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16, kabla ya hapo usimtembeze ovyo. Ukiongeza mbwa zidisha na hizo chanjo, dawa za minyoo, kupe, siku ya kuumwa usiku. Wawili ni mara mbili ya kila kitu, watatu sio mara tatu, ni zaidi, maana hapo wanaanza kuwa kundi.

Mama Pacha:
Hiyo ya kundi ni kweli tupu. Mbwa mmoja anakusikiliza wewe. Watatu wanasikilizana.

Fundi Geti:
Mimi ningesema mbwa mmoja wa kuongeza na taa nne za ukutani. Taa haziumwi parvo.

Koko wa Mtaa:
Na koko mwenzake tu. Mara nyingi hana gharama za nyonga kama shepadi.

Mwenye Uwanja:
Wakuu nimewasoma wote, mke wangu amesoma pia, stori ya mama aliisoma kwa sauti akashindwa kuimaliza. Tumekubaliana mmoja, na awe dume kwa sababu Zawadi ni jike. Kuna mtu anahama, ana dume mchanganyiko wa shepadi na koko, mwaka mmoja na nusu, ameshahasiwa, kadi ya chanjo nimeiona, amelelewa na watoto. Zawadi naye anaenda kufungwa kizazi. Mtoto kanuna ila nimemwambia yeye ndiye atakayempa jina jipya akitaka. Jumamosi tunaenda kumwona.

Bibi Geti la Kijani:
Mwendee na Zawadi. Ila wasikutane ndani ya geti lake, wakutane nje barabarani, wewe na mmoja, mkeo na mwingine, mtembee upande mmoja mkiwa mmeachana, mpunguze umbali taratibu. Mkifika nyumbani ondoa mifupa na vitu vyake vyote vya kuchezea. Bakuli mbili, kona mbili za uwanja, kuanzia siku ya kwanza. Na ukimwona amesimama mlangoni mwenzake hapiti, usicheke. Mwite aje kwako, njia iwe wazi.

Rotti Baba:
Jina jipya hapana, mwacheni na lake alilozoea.

Mwenye Uwanja:
Shikamoo mama. Bakuli la pili limeshafika, mtoto ameliweka kona ya mbali kabisa, karibu na bomba.